Maktaba Haiunganishwi na Mji kwa Vioo

Wiki iliyopita, katika kikao cha kupitia michoro ya maktaba hapa Dodoma, mjumbe mmoja aliniambia: "Injinia, upande wa barabarani weka vioo vitupu, wananchi waone ndani, maktaba iungane na mji." Mimi ni msanifu majengo, si injinia, lakini hilo nimeacha kulisahihisha. La vioo ndilo lililonishinda, kwa kuwa nimelisikia katika kila jengo la umma nililowahi kulichora.

Saa sita mchana mwanga wa nje unaweza kufika luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), ilhali mezani pa msomaji tunapanga luksi 300 hadi 500. Kwa tofauti hiyo mpita njia hamwoni msomaji, bali anajiona mwenyewe; nimewatazama vijana wengi wakitengeneza kola zao mbele ya vioo hivyo, huku walioko ndani wakiwaona vizuri na kucheka. Usiku mambo hugeuka, na hapo watetezi wa vioo husema kweli, ila maktaba huwa imefungwa. Kioo kikielekea magharibi, kuanzia saa kumi alasiri jua huingia chini ya upenu wowote, mapazia hufungwa, na hayafunguliwi tena. Kaskazini ni rahisi: tuko takribani nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, hivyo mwezi Juni, jua likiwa upande wa kaskazini, upenu wa mita 1.7 hutosha kukinga dirisha la mita 3 saa sita mchana.

Watetezi hao hunionyesha pia picha ya maktaba ya Whitechapel, London, ya mwaka 2005, aliyoisanifu David Adjaye, mzaliwa wa Dar es Salaam. Vioo vyake vya rangi vimeiga mistari ya vivuli vya meza za wachuuzi. Sawa, lakini soko lenyewe liko hapo hapo nje, na jua la London si la kwetu.

Kinachounganisha ni pale mguu unapotoka barabarani na kuingia. Mvua za Dodoma ni chache lakini hushuka kwa fujo, kwa hiyo sakafu hupandishwa, tuseme milimita 450, na hapo huzaliwa ngazi tatu. Ngazi tatu humzuia mwenye kiti cha magurudumu, jambo ambalo kila mtu hulikubali haraka. Humzuia pia yule ambaye hana hakika kama mahali hapo ni pake, kwa sababu kwake ngazi ni dalili ya ofisi, na ofisini huulizwa shida yako ni nini. Rampu, yaani njia ya mteremko, ya 1 kwa 12 (mita 1 ya kupanda kwa kila mita 12 za urefu) huhitaji mita 5.4, na kwa kawaida husukumwa nyuma, karibu na mapipa ya taka. Mimi napendelea kuiinua ardhi yenyewe kwa mteremko wa 1 kwa 20, mita 9 kutoka ukingo wa barabara, mitaro ikiwa pembeni, hadi anayetembea asijue barabara iliishia wapi.

Mita hizo 9 huziezeka na kuzijengea viti vya mawe, yaani baraza. Neno hili tumelizoesha mawaziri na vikao, tukasahau kwamba Pwani ni mahali nje ya nyumba ambapo mgeni hupokewa bila kuingizwa ndani. Anayesubiri daladala hukaa, hula zabibu zake, husoma matangazo ukutani, na siku moja huingia kutafuta choo. Mimi namhesabu kuwa msomaji.

Mwenzangu mmoja alinipinga: baraza ni la Pwani, tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo, huupa upepo kisogo na maisha huwa uani. Ana haki. Upepo wa kiangazi huleta vumbi, na vumbi halina huruma na vitabu, hivyo vyumba vya kusomea nimevipanga kuuzunguka ua wa ndani, nikaacha upande mmoja tu kwa barabara.

Hata hivyo sina amani. Kivuli nilichokichora zamani kilikuwa kijiwe cha bodaboda ndani ya miezi miwili, mlinzi akafunga mnyororo. Je, nilishindwa, au mji ulikuja kama nilivyouita? Safari hii nimeweka vyoo na sehemu ya magazeti katikati ya baraza na vyumba vya kusomea ili kuzuia kelele, na hesabu za kelele zinakubali iwapo madirisha yamefungwa. Lakini mwezi Oktoba hapa Dodoma hakuna mtu anayefunga dirisha.