Kiayalandi mtandaoni: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Lugha "zisizofundishwa sana" ni lugha ndogo zisizo na wenyewe.

Jina hilo linahusu madarasa, si wasemaji. Katika vyuo vikuu vya Marekani, Kiswahili na Kiayalandi huwekwa kapu moja, na mpango wa Fulbright, wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wasomi, hupeleka huko vijana wa Kenya, Tanzania na Ayalandi kufundisha lugha za kwao. Kiayalandi ni lugha ya kwanza rasmi ya Ayalandi kwa katiba ya 1937, na tangu 2007 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya.

Dhana: Mtandaoni hakuna vifaa vya kufundishia.

Vipo tele, tena vingi ni vya bure. Ukiandika neno kwenye kamusi ya teanglann.ie, mara nyingi utalisikia likitamkwa kwa lahaja za Munster, Connacht na Ulster, mikoa ya kisiwa cha Ayalandi. Logainm.ie ina majina ya mahali kwa Kiayalandi na Kiingereza. Dúchas.ie imeweka hadithi ambazo watoto wa shule waliziandika kutoka kwa wazee wao kati ya 1937 na 1939, kwa mwandiko wao wenyewe. Redio ya Raidió na Gaeltachta ipo tangu 1972, televisheni ya TG4 tangu 1996, na zote mbili hufuatwa mtandaoni.

Kinachokosekana ni mpangilio. Kamusi haimwambii mtu aanzie wapi, na mgeni akifunguliwa redio kwa saa nzima ataambulia kelele tu. Mpe kipande cha dakika mbili. Mara ya kwanza asikilize majina ya mahali peke yake. Kisha ayahakiki kwenye Logainm. Ndipo arudie kusikiliza. Mapema pia aelezwe kwamba neno hubadilika mwanzoni: *bean* ni mwanamke, ukimtaja yule mnayemjua ni *an bhean*, mji wa Cork ni *Corcaigh*, ukiwa ndani yake ni *i gCorcaigh*. Sisi tusiotafuta "walituletea" kwenye herufi W tunalielewa hili haraka. Asiyeambiwa atadhani kila mara amekutana na neno jipya.

Dhana: Programu ya simu inatosha.

Kozi ya Kiayalandi ya Duolingo ilianza 2014 kwa kazi ya watu wa kujitolea, na 2016 Rais Michael D. Higgins aliwapongeza. Walistahili. Kwa msamiati na mazoea ya kila siku, inasaidia kweli.

Lakini tazama sensa ya 2022 katika Jamhuri ya Ayalandi: karibu watu milioni 1.87 walisema wanaweza kuzungumza Kiayalandi, na wanaokizungumza kila siku nje ya shule hawakufika 72,000. Hao wengine hawakukosa masomo, maana lugha hiyo hufundishwa tangu shule ya msingi hadi sekondari. Wamekosa wa kuzungumza naye. Kwa hiyo mwalimu mwenye saa moja ya ziada kwa wiki asiitumie kutafuta programu nyingine. Awaunganishe wanafunzi wawili wawili kwa simu ya video wapige soga, hata kwa kubabaika.

Dhana: Kuna Kiayalandi kimoja sahihi, vingine ni makosa.

Usanifishaji wa Kiayalandi uliotolewa 1958 unahusu maandishi na sarufi. Haukumpangia mtu matamshi. Ndiyo maana mwanafunzi huchanganyikiwa akihama kutoka tovuti moja hadi nyingine. Kumwuliza mtu hali yake, Munster watasema *Conas atá tú?*, Connacht *Cén chaoi a bhfuil tú?*, na Ulster *Cad é mar atá tú?* Zote ni sawa. Ushauri wangu: chagua lahaja moja ya kusikiliza kwa mwaka wa kwanza, na uwaeleze wanafunzi mapema kwamba nyingine zipo.

Dhana: Mashine itatafsiri, itasema, mwalimu apumzike.

Kwa sauti, kuna kazi nzuri: abair.ie, ya Trinity College Dublin, husoma maandishi kwa lahaja utakayo. Tafsiri ya mashine ni jambo jingine. Anayeijua lugha huiona ikikosea na kuisahihisha. Anayeanza hawezi, naye ndiye anayeitegemea zaidi. Kazi ya nyumbani iwe ya kurekodi sauti yake mwenyewe.