Wanaosimamia benki na masoko ya hisa wametokea wapi?

Mamlaka nyingi za usimamizi wa fedha huchapisha wasifu wa viongozi wake. Wasomaji wengi hutazama picha, huona shahada na vyeo, kisha hufunga ukurasa. Ni hasara, maana hao ndio watakaoamua kama benki ulikoweka akiba yako ifungwe, iongezewe mtaji au ipewe muda wa kujirekebisha. Mimi huwashauri watu wasome wasifu wa timu nzima kwa pamoja na kutafuta ujuzi gani upo mezani na upi haupo. Wasifu wa mtu mmoja, hata ung'ae vipi, haukuambii mengi.

Mwaka 1934, miaka mitano baada ya soko la hisa la New York kuporomoka, Marekani iliunda SEC, tume ya kusimamia masoko ya hisa na hatifungani. Rais Franklin Roosevelt alimteua Joseph Kennedy aiongoze, na wengi wakashtuka, kwa kuwa Kennedy alikuwa amevuna mali katika soko lilelile, kwa mbinu ambazo tume ilitakiwa kuzikomesha. Lakini hakukaa peke yake. Alikuwepo Ferdinand Pecora, mwendesha mashtaka aliyewabana wakuu wa mabenki mbele ya Baraza la Seneti mpaka mambo yao yakawekwa hadharani. Alikuwepo James Landis, profesa wa sheria wa Harvard aliyeshiriki kuandika sheria ya mwaka 1933 ya uuzaji wa hisa na hatifungani. Robert Healy alikuwa amepata kuwa jaji wa mahakama ya juu ya jimbo la Vermont, naye George Mathews alitoka kwenye kazi ya usimamizi, kwanza Wisconsin kisha serikali kuu. Sheria yenyewe ilikataza zaidi ya makamishna watatu kati ya watano kutoka chama kimoja cha siasa. Kila mmoja wao alijua kitu ambacho mwenzake hakukijua, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya tume ile. Kennedy alipoondoka mwaka 1935, Landis alishika kiti chake.

Ujuzi fulani ukikosekana, madhara yake huchelewa kuonekana. Bernard Madoff alikamatwa Desemba 2008 baada ya kuendesha kwa miaka mingi upatu wa mabilioni ya dola, akiwalipa wawekezaji wa zamani kwa fedha za wapya. SEC ilikuwa imeletewa malalamiko mara kadhaa. Mkaguzi mkuu wa ndani wa tume hiyo alitoa ripoti mwaka 2009, na kila anayefanya kazi ya usimamizi wa fedha angepaswa kuisoma. Ilieleza kwamba timu mojawapo iliyotumwa kukagua iliundwa na wanasheria watupu, wasio na uzoefu mkubwa wa biashara ya hisa. Mwaka 2006 Madoff alihojiwa kwa kiapo na akatoa namba ya akaunti yake katika DTC, hifadhi kuu ya hisa ya Marekani. Kumbukumbu za akaunti ile zingeonyesha kwamba hisa alizodai kuwa nazo hazipo. Hakuna aliyezifuatilia mpaka mwisho.

Wanasheria wale hawakuwa wajinga. Walitumwa kufanya kazi isiyo yao. Na anayepanga nani atumwe wapi, na kuamua ushahidi gani unatosha kufunga faili, ni kiongozi. Aliyewahi kushika kazi ya ukaguzi huuliza swali moja kabla ya yote: salio hili mmelithibitisha na nani aliye nje ya kampuni?

Ndiyo maana uzoefu ambao nadhani hauthaminiwi vya kutosha ni wa mkaguzi aliyepanda ngazi kutoka chini. Amefungua mafaili ya mikopo mwenyewe. Anaukuta mkopo unaoripotiwa kuwa unalipika vizuri, kumbe marejesho ya kila mwezi yanatoka kwenye mkopo mwingine ambao benki hiyohiyo imempa mteja huyohuyo. Kwenye mizania hutauona kama mkopo chechefu, yaani usiolipwa ipasavyo. Anaougundua ni yule anayejua tarehe za miamala zinasomwaje.

Andrew Bailey wa Uingereza ni mfano wa aliyekulia ndani. Aliingia Benki Kuu ya nchi hiyo mwaka 1985, akawa mtunza fedha mkuu ambaye sahihi yake ilichapishwa kwenye noti, akaongoza usimamizi wa mabenki, kisha mamlaka ya mwenendo wa masoko, na mwaka 2020 akawa Gavana. Hata hivyo, taasisi yenye watu waliokulia ndani tu huzoea kusikia sauti yake yenyewe. Kabla ya Bailey, Uingereza ilimkabidhi benki hiyo Mark Carney, raia wa Kanada aliyefanya kazi Goldman Sachs kwa miaka 13, kisha akawa gavana wa benki kuu ya kwao. Mwaka 2013 alikuwa mgeni wa kwanza kukalia kiti hicho tangu benki ilipoanzishwa mwaka 1694.

Ukisoma wasifu, usitosheke na maneno kama “alihudumu katika ngazi za juu za benki kwa miaka 20”. Mkurugenzi wa masoko, anayetafuta wateja, na mkurugenzi wa hatari, anayepima hasara zinazoweza kuikumba benki, wote ni ngazi za juu, ila kilichopita mikononi mwao hakifanani. Tafuta benki hiyo ilikuwa na hali gani alipokuwepo, na aliondoka lini. Kama ametoka kwenye kampuni ambayo sasa ataisimamia, hilo peke yake si doa. Kinachopaswa kuonekana wazi ni kama bado ana hisa za kampuni hiyo, na kama atajitoa kwenye kikao suala la kampuni hiyo likijadiliwa.

Angalia pia viongozi waliopita wamekwenda wapi, sehemu ambayo watu wengi huiruka. Anayesubiri ajira kwa anayemkagua hawezi kumkazia macho. Marekani, mkaguzi mwandamizi aliyeisimamia benki fulani kwa miezi miwili au zaidi katika mwaka wake wa mwisho kazini haruhusiwi kulipwa na benki hiyo mpaka upite mwaka mmoja. Mamlaka inayosimamia benki yako ikiwa na kanuni ya namna hiyo, iombe ikuonyeshe kipindi chake ni cha muda gani na inawabana watumishi wa ngazi zipi.