Magnum mpya ya milimita 7: yanayosemwa kinyozini na yaliyo kweli

Pale kinyozini karibu na stendi ya matatu, Nakuru, simu ilipita mkono hadi mkono. Kwenye video, Mmarekani amelala kifudifudi, analenga mnyama aliye ng'ambo ya bonde, na baada ya kishindo mnyama anaanguka. Risasi yenyewe ni aina ya 7mm PRC, iliyotolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2022. Jamaa aliyekuwa amepakwa povu nusu ya kidevu akatangaza kwamba akiwa na kitu kama hicho, nyati wa Lake Nakuru atamlaza akiwa amekaa zake Milimani. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa nimekuwa dereva wa kambi za uwindaji kusini mwa Tanzania misimu kadhaa. Nami ninyolewe au nibishane? Nikachagua yote mawili.

"Ukiwa na leseni ya bunduki, mnyama akiingia shambani ni wako." Si wako. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeshikilia hapo hapo, hata kwa anayetafuta kitoweo. Nyati akivunja ua, unawapigia KWS, shirika la wanyamapori. Kwa hiyo yote yanayofuata ni ya Tanzania na kwingineko kunakoruhusiwa.

"Magnum maana yake ni nguvu kuliko zote." Jina hili lilitoka kwenye chupa kubwa ya mvinyo, ile ya lita moja na nusu. Kwa risasi, halina kipimo. Ipo .22 Magnum (namba hizi za nukta ni kipenyo kwa inchi) ambayo ni ya sungura, na ipo .308 isiyo na jina hilo lakini inaiacha mbali sana. Hata hiyo 7mm PRC haikuandikwa magnum ubavuni, ingawa kwa wingi wa baruti ni magnum kabisa.

"Inakwenda kasi mno hata haishuki." Hii ndiyo iliyotuchukua muda, mpaka kinyozi akazima mashine. Kichwa cha risasi cha gramu 11.3 hutoka kwenye mtutu wa 7mm PRC kwa takriban mita 914 kwa sekunde. Ni kasi ya kutisha. Lakini mvutano wa ardhi hauangalii kasi, unahesabu muda tu. Kitu chochote kikikaa hewani nusu sekunda, kimevutwa chini zaidi ya mita moja, kiwe jiwe, kiwe magnum. Na nusu sekunda ndiyo inayohitajika kufika mita 400 na kidogo. Mpigaji huinua shabaha yake kufidia mteremko huo, na leo vipimo vya leza na darubini zenye vifundo vya kurekebishia shabaha vimerahisisha hesabu.

Upepo ndio usiorahisishwa. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ule wa kutikisa majani ya migomba tu, huisukuma risasi hiyo karibu sentimita 30 ikifika mita 450. Sentimita 30 kwa swala ni tofauti ya mapafu na utumbo. Tena upepo unaouhisi shavuni si lazima uwe ule unaovuma katikati ya bonde. Ongeza kwamba mnyama hajui kuwa amelengwa: ndani ya nusu sekunda hiyo anaweza kupiga hatua, na hatua hiyo hakuna kiwanda kinachoweza kuifidia.

"Basi ni biashara tu, hakuna jipya." Hapa nilikuwa upande wa risasi mpya, na wengine wakashangaa. 7mm Remington Magnum ya mwaka 1962 hutumia kipenyo kile kile cha kichwa. Lakini bunduki zake nyingi zina mifereji ndani ya mtutu inayoizungusha risasi mara moja kwa kila inchi 9 au 9.5, na vichwa virefu vyembamba vya siku hizi huyumba visipozungushwa haraka zaidi. 7mm PRC iliandikiwa tangu mwanzo mzunguko mmoja kwa kila inchi 8, na ganda likaachiwa nafasi ya kubeba kichwa kirefu bila kukizamisha ndani ya baruti. Kichwa kirefu hupasua hewa vizuri, hivyo hupoteza kasi polepole na hakisukumwi sana na upepo. Pia haina ule mshipi wa 7mm Remington Magnum, yaani pete iliyoinuka chini ya ganda. Wengi huuona mshipi wakadhani ni wa kuongeza nguvu. Ulienezwa na ukoo wa .375 H&H ya mwaka 1912, ambayo mabega yake, pale ganda linapoanza kuwa jembamba, yamelala mno, kwa hiyo mshipi ndio unaolizuia ganda lisizame mno ndani ya chemba ya bunduki. Kwa ganda lenye mabega yaliyosimama, ni urembo wa kurithi.

Faida ipo, basi, na iko kwenye upepo zaidi kuliko kwenye "nguvu". Anayepiga mita 150 hataiona. Atakachokiona ni teke begani na mtutu unaoliwa na joto la baruti mapema kuliko wa risasi ya kawaida.

"Mnyama huuawa na ukubwa wa risasi." Mumias palikuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu, na huko ndiko alikopitia Mskoti W. D. M. Bell kwenda Karamoja, Uganda. Aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa 7x57 Mauser, risasi ya mwaka 1892 yenye kipenyo hicho hicho cha milimita 7 na kasi ndogo sana ukiilinganisha na hii ya video. Alikuwa amesoma fuvu la tembo mpaka akajua ubongo umekaa wapi. Sisemi aigwe: Tanzania leo haimruhusu mtu kumwendea nyati na chini ya .375, na ni sawa. Jamaa wa povu akanyamaza kidogo.

"Jedwali la mtandaoni la mteremko wa risasi linatosha." Majedwali mengi ya kiwandani yameandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu, na hewa yake ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita. Hewa hiyo huizuia risasi kwa uchache zaidi, na kwenye masafa marefu itapita juu ya ulipotarajia.

Kilichomaliza ubishi ni kisa cha mgeni mmoja wa mwaka 2024. Alikuja na 7mm PRC inayong'aa, darubini yake ikiwa nzito kuliko begi langu. Bunduki ilifika, sanduku la risasi likabaki uwanja fulani wa ndege njiani. Tuliuliza kambi tatu kwa redio. Hakuna aliyekuwa nayo hata moja. Siku ya nne akaazima .375 ya kambi, mtutu umechubuka rangi. Mfuatiliaji akamtambaza kwenye nyasi saa nzima, akampata kongoni kwa hatua sabini. Ile mpya ilirudi Marekani haijalia.