Azimio la jimbo halikuilazimisha serikali ya taifa

Ni rahisi kuamini kuwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyokwisha 1865, bunge la jimbo likiiandikia serikali ya taifa azimio, serikali ililazimika kulitii. Si ajabu, maana maazimio hayo yameandikwa kwa lugha nzito ya kisheria.

Kwa kawaida, azimio ni kauli tu. Tazama Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyowahakikishia uraia waliokuwa watumwa. New Jersey iliyaridhia 1866, Ohio 1867. Mwaka 1868 mabunge yote mawili yakaazimia kuondoa ridhaa. Julai mwaka huohuo bunge la taifa likayatangaza kuwa sehemu ya Katiba, na majimbo hayo mawili yakahesabiwa miongoni mwa yaliyoridhia. (Ridhaa nayo hupitishwa kwa azimio, ila hiyo ina nguvu kwa sababu Katiba yenyewe imeyapa mabunge ya majimbo kazi hiyo.)

Ukikutana na waraka wa namna hii, anza na maneno ya mwanzo: ni "imeazimiwa" au "imetungwa sheria"? Kisha litafute tangazo la Julai 1868, limo kwenye kumbukumbu za wazi mtandaoni, uisome orodha ya majimbo kwa macho yako.