CRI ya taa ni nini, na kwa nini mwenye reli ya mfano aijali

Geuza boksi la taa ya LED utakuta namba kadhaa. Wati kila mtu anazijua, lumeni zinazoeleka. CRI ndiyo inayorukwa, ilhali kwa mwenye reli ya mfano chumbani, yaani treni ndogo za kuigiza pamoja na stesheni na mandhari yake, ningesema aanze na hiyo.

CRI (kifupi cha Kiingereza, Colour Rendering Index) hupima jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu, ikilinganishwa na mwanga wa mchana au, kwa taa za umanjano, mwanga kama wa balbu ya waya. Alama ya juu ni 100. Balbu ya waya ya zamani huikaribia kabisa. LED nyingi za nyumbani huwa 80 hivi, na zile nzuri hupita 90.

Kwa nini LED zipungukiwe? Ndani yake mna kipande kinachotoa mwanga wa buluu, kimefunikwa kwa unga unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa njano na nyekundu. Unga ukiwa duni, nyekundu hutoka kidogo, na kitu chekundu hakiwezi kurudisha nyekundu ambayo haikukifikia. Hapo behewa la mizigo la rangi ya udongo mwekundu, ukuta wa matofali wa stesheni, hata kutu uliyoipaka kwa brashi nyembamba kwenye magurudumu, vyote hugeuka kahawia moja iliyopooza.

Na hata namba yenyewe ina ujanja wake. Ni wastani wa rangi nane za sampuli, zote zilizofifia kiasi. Nyekundu iliyokolea haimo, hupimwa kando kwa jina R9. Taa inaweza kupata CRI 80 huku R9 yake ikiwa karibu na sifuri. Anayeuza akiitaja R9, nayo ni 50 au zaidi, mpe sikio.

Kelvini ni jambo jingine. Hizo husema mwanga umeelekea umanjano (2700) au ubuluu (6500), basi. Taa mbili za 4000 zinaweza kufanana kabisa kwenye ukuta mweupe, kisha zikatofautiana juu ya behewa. Kwa mandhari ya mchana napendelea 4000 hadi 5000, lakini hilo ni la macho ya mtu. Lisilo na mjadala ni kwamba taa zote za chumba ziwe za namba moja, la sivyo anga uliyoichora ukutani itabadilika rangi katikati ya stesheni mbili.

Meza ya kupakia rangi nayo iwe na taa ya aina hiyohiyo. Rangi za vichupa viwili zinaweza kulingana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, na kiraka ulichodhani kimejificha kikajitokeza treni inapopita.

Kabla ya kununua taa za chumba kizima, nunua moja. Chukua behewa jekundu, litazame karibu na dirisha mchana, kisha funga pazia, washa taa, ulitazame tena.