Nakala ya Datsun 240Z ya Safari: yanayosemwa na ukweli wake

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za East African Safari kwa Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Shekhar Mehta na Mike Doughty wakashika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Miaka miwili baadaye Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda yeye mwenyewe. Hadi leo wapo watu wanaotafuta 240Z iliyochoka na kuisuka upya ifanane na zile, yaani kutengeneza nakala. Ni kazi ya kuheshimiwa, na ndiyo maana maneno yasiyo ya kweli yanayoizunguka yananikera.

"Nakala ni gari feki."

Feki ni gari linalouzwa kwa jina lisilo lake. Gari lililoshinda 1971 liko Japani, kwenye hazina ya magari ya Nissan, kampuni iliyounda Datsun, huko Zama. Ukikutana na jingine lenye rangi zile na namba ile ile ya mashindano mlangoni, ujue ni nakala, na mwenyewe akikwambia hivyo hajakudanganya. Udanganyifu huanza pale namba ya chesisi inapogongwa upya, au historia inapotungwa ili bei ipande.

Wengine huonyesha pasipoti ya kihistoria ya FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa. Pasipoti ile hueleza kama gari limeundwa kwa vipimo vya zama zake. Haithibitishi nani aliliendesha wala lilishinda nini.

"Ukishapaka rangi na kufunga taa, umemaliza."

Hapa ndipo pesa za watu huteketea. 240Z haina fremu inayojitegemea. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na bati lake ni jembamba. Kutu huanzia pasipoonekana: chini ya betri, kwenye reli zinazopita chini ya sakafu, na kwenye matao ya magurudumu ya nyuma. Chukua bisibisi uchokonoe reli iliyofichwa kwa lami nyeusi. Si ajabu ikazama hadi kwenye mpini. Gari la hivyo likiingia shimoni kwa spidi, milango inaweza kukataa kufunga.

Fundi anayeijua kazi huvua kila kitu, akakwangua hadi bati tupu, akakata palipoliwa na kutia bati jipya. Kisha hurudia kuchomelea maungio ya bodi, na kuongeza bati pale juu shokapu zinaposhikia. Magurudumu yote manne ya 240Z yana shokapu za wima zilizovikwa springi, kwa hiyo kishindo cha kila shimo huishia pale. Haya yote hayaonekani kwenye picha. Ukienda kununua nakala iliyokwisha tengenezwa, acha kuisifu rangi, omba picha za bati likiwa uchi.

Na kuinua gari si suala la springi ndefu tu. Ukilipandisha, shafti zinazotoka kwenye difu (gia ya nyuma inayogawa nguvu) kwenda magurudumuni hukaa kwa pembe kali zaidi, viungo vyake vikachakaa haraka. Ukipandisha kupita kiasi, utabadilisha viungo hivyo mara kwa mara.

"Injini kubwa ndiyo siri."

Injini ya 240Z ni L24, silinda 6 mstari mmoja, ujazo wa cc 2393. L28 ni ndugu yake mkubwa na kwa nje hufanana nayo, hivyo kishawishi cha kuiweka ni kikubwa. Sina ugomvi na anayefanya hivyo kwa starehe yake, lakini L28 ilikuja miaka ya kati ya 70. Gari lenye injini hiyo lisiitwe la 1971.

Isitoshe, Safari haikuwa mbio za nguvu. Magari yalipita barabara za kawaida zilizo wazi, katikati ya malori, mifugo na matope, kwa maelfu ya kilomita. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu, na 1968 yakamaliza 7 tena. Mwaka 1973 Mehta alilingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine, na ikabidi mshindi apatikane kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi. Injini inayostahimili joto na vumbi, yenye rejeta safi na kinga imara chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), ndiyo iliyo karibu na gari la wakati ule.

Kuhusu usalama sitasema mengi. Mikanda, viti, kizimba cha mabomba ndani ya gari na tenki ya mafuta viwe vya leo, hata kama vinaharibu sura. Mkanda wa 1971 ni wa kuwekwa kwenye kabati la kumbukumbu.

"Gari la zamani ni polepole, yeyote anaweza."

Usukani hausaidiwi na pampu yoyote, hivyo kwenye kokoto mikono hupokea kila jiwe. Breki za nyuma ni za ngoma. Joto la injini na la gia hupanda miguuni. Lakini kero ambayo wageni wa gari hili hawaitarajii iko nyuma: hewa huzunguka mkiani na kusukumwa ndani kupitia mlango wa nyuma mpira wake ukiwa umechakaa. Kwenye lami unavuta moshi wa ekzosi, kwenye vumbi unakula vumbi. Dereva hufungua kioo apate nafuu, kumbe ndiyo anazidi kuuvuta moshi ndani, kichwa kinaanza kumuuma bila kujua sababu. Dawa yake ni mpira mpya wa mlango, kuziba matundu yote yanayozunguka taa za nyuma, na bomba la ekzosi linalotokeza vizuri nje ya bampa. Yafanye hayo kabla hujagusa kabureta.