Hatari ya safari ya gari ugenini si jambazi peke yake

Wengi wanaojiandaa kuendesha gari kutoka Tanzania hadi Zambia huuliza kwanza kuhusu majambazi. Imani iliyozoeleka ni kwamba nchi yenye habari nyingi za uhalifu ndiyo ya kuogopwa, na tulivu ni salama.

Hofu hiyo inaeleweka, na ujambazi upo. Lakini ajali za barabarani huua takriban watu milioni 1.19 duniani kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kuua wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Barabara ya kutoka Nakonde, mji wa mpakani upande wa Zambia, hadi Lusaka ina takriban kilomita 1,000, imejaa malori, na usiku hukosi lori bovu lisilo na taa. Kinachosahaulika zaidi ni saa: ukivuka mpaka wa Tunduma kuingia Zambia unarudisha saa moja nyuma, na mwezi Juni jua huzama kabla ya saa 12 jioni. Ukienda Rwanda kupitia mpaka wa Rusumo, unahamia kuendesha upande wa kulia wa barabara.

Unaweza kupima mwenyewe. Gawanya umbali kwa kilomita 60 kwa saa, ongeza muda wa mpakani, uone giza litakukutia wapi. Tahadhari za usafiri zisome kwa mkoa na tarehe, maana tukio la mji mmoja halielezi nchi nzima. Halafu waulize madereva wa malori pale mpakani. Kwangu mimi, hao ndio wanaoijua barabara ya wiki hii.